Mwalimu Aliyewaacha Wanafunzi Walale

Habari ya kifo chake niliipata kwa simu, kutoka kwa mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ni mama wa watoto watatu. “Papa Mwalimu, Madame ametuacha,” aliniambia. Marehemu alikuwa akifundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, miaka ile ya vita, na mimi nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule hiyo hiyo. Hatukuwa marafiki. Hilo naliweka wazi mapema, jamaa zake wasije wakashangaa kuniona namlilia gazetini. Ukweli ni kwamba niliwahi kujaribu kumfukuzisha kazi, kwa kurasa tatu za Kifaransa safi ambacho sikupata kukiandika tena maishani. Na kwa kuwa safu hii imejaa ujinga wa watu wengine kwa miaka mingi, leo acheni nile sahani yangu mwenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, tai mbili, na imani moja: kwamba usingizi ni uvivu uliolala chali. Wasomaji wa rika langu wanalikumbuka beseni. Mwanafunzi wa mwaka wa sita, anayejiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, alitia miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie akisoma, na mama yake aliingia kila mara kuhakikisha kwamba maji hayajapata moto. Mimi nilisoma hivyo mwaka mzima. Nilifaulu kwa asilimia hamsini na moja, yaani niliingia mlango ukiwa umeanza kufungwa, na badala ya kujiuliza kwa nini nilipata hamsini na moja, nililishukuru beseni kwa ile moja. Nikawa mhubiri wake. Madarasa yote mawili ya mwaka wa sita niliyaamuru yanunue beseni, ingawa ni moja tu lililonitii, na mimi mwenyewe, mwalimu mzima mwenye diploma, niliendelea kuandaa masomo yangu miguu ikiwa majini.

Sasa kumbukeni ulikuwa wakati gani. Shule ilifungwa leo na kufunguliwa wiki ijayo, kutegemea nani alikuwa anashika mji. Risasi zikilia, familia nzima ililala chini ya vitanda, na wengine walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Kavumu, wakalala kumi na wawili katika chumba kimoja cha shangazi. Asubuhi watoto walifika na sare zilizopigwa pasi, na macho mekundu. Siku moja, saa ya kwanza, nilipita kwenye dirisha la lile darasa la mwaka wa sita lisilonitii, ambalo Madame alikuwa mlezi wake, nikaona jambo ambalo lilinitoa jasho: darasa zima, vichwa juu ya madawati, wanalala. Madame alikuwa mbele, anasahihisha daftari, kimya. Ilikuwa imebaki wiki tano kabla ya mtihani. Sikubisha hodi kumuuliza kitu. Nilikwenda moja kwa moja kuandika ripoti.

Prefe, yaani mkuu wa shule, mzee aliyesomea Kilatini na aliyependa mambo yaishe kwa adabu, alituita sote wawili ofisini mwake. “Madame, ni kweli batoto banalalaka mu cours yako, saa ya masomo?”

“Ni kweli, Monsieur le Préfet. Nusu saa ya kwanza banalala. Kiisha tunasoma, na banasikia.”

“Examen haitabangojea baamuke!” nikadakia, nimesimama, kama vile kuna aliyeniomba nisimame.

Alinigeukia bila hasira, na hilo liliniudhi zaidi. “Mwalimu, kichwa ya mutoto wa miaka kumi na saba iko inajengwa bado. Mchana inakamata mambo, lakini mu usingizi ndio inayapanga. Angalia soko ya Nyawera. Magaribi banafunga, banafagia, banapanga. Kama soko haifungake, kesho utauzishia wapi? Juu ya takataka ya jana?” Kisha akaongeza kwamba vijana wa umri huo usingizi huwajia kwa kuchelewa na huwaacha kwa kuchelewa, ndivyo miili yao ilivyo, na kwamba sisi tunawaita wavivu kwa sababu hawafanani na sisi wazee. Mimi wa miaka ishirini na minane nilifurahi kidogo kuitwa mzee.

Prefe alikata shauri hivi: mwalimu wa hesabu atatoa jaribio moja kwa madarasa yote mawili, lile la beseni na lile la Madame. Darasa la Madame likianguka, atafute shule nyingine. Aliyasema haya akitazama dirishani. Katika mji ule, mwaka ule, shule nyingine haikuwepo, na Madame alikuwa na wazazi wawili na wadogo zake watano waliokuwa wakimtegemea. Nililijua hilo. Nilikwenda nyumbani, nikatia miguu majini, na nikatunga jaribio langu mpaka kukapambazuka.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi, la kuwapasha moto: tafuta eneo la pembetatu yenye pande za mita tatu, nne na tano. Ubaoni mkono wangu uliandika tatu, nne na tisa. Uliandika hivyo katika darasa la kwanza, na ukaandika hivyo tena katika la pili. Darasa la beseni halikuinua hata kichwa. Walizoea kwamba tatu na nne huleta sita, yaani nusu ya tatu mara nne, wakaandika sita, wote. Katika darasa la Madame, binti mmoja alisimama. “Monsieur, hii triangle haikutane. Nimeichora mara tatu. Tatu na ine inafanya saba, haifike tisa.”

Nilitazama ubao. Naapa niliona tano. “Ikala chini! Nilianza kufundisha triangle mbele uzaliwe!” Hata hiyo ilikuwa hesabu mbovu, maana alipozaliwa mimi nilikuwa shule ya msingi. Mikono mingine ikainuka, nikaiteremsha yote kwa macho. Wengi wao waliandika kwenye karatasi zao kwamba pembetatu hiyo haiwezekani. Niliwapa sifuri, kwa wino mwekundu, na Jumatatu nikampelekea prefe ushindi wangu.

Madame, aliyeitwa tena ofisini, alizipitia zile karatasi polepole. Kisha akaomba rula, akachukua ukurasa wa mwisho wa ripoti yangu, akauchana vipande vitatu: sentimita tatu, nne, tisa. Akavisukuma mbele ya prefe. “Tuijenge, Monsieur le Préfet.” Mzee alivigeuza huku na huku, akavilaza, akavivuta. Vile viwili vifupi vilinyooka kabisa juu ya kile kirefu na bado nafasi ya kidole ikabaki wazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na tai shingoni. Nilisubiri Madame anicheke, na nadhani ningeshukuru kama angenicheka. Aliniangalia usoni kama wanavyoangalia mtoto mwenye homa, akaniuliza, “Mwalimu, ulilala lini?”

Nilijaribu kuhesabu, nikashindwa na hilo pia. Kesho yake, saa ya kwanza, alinikuta mlangoni mwa darasa lake na kunionyesha dawati la nyuma. Nililala pale saa mbili nzima. Kipindi chake kikapita, na changu kikapita pia, wanafunzi wangu wakitembea kwa vidole vya miguu. Nilipofumbua macho nilimwona amehamisha kiti hadi kizingitini, ametugeuzia mgongo, anatazama njia inayopanda kutoka barabarani. Nilimnong'oneza yule binti: kwa nini anakaa pale? Akanijibu kana kwamba nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua. “Ile siku basoda, bale ba bunduki, baliingia shuleni, yeye ndiye alibasimamisha ku mulango. Akikuwa pale, tunalalaka. Ku nyumba hatuweze.”

Madame hakufukuzwa. Mtihani ulipofika wengi wao walifaulu, na katika lile darasa lingine pia kulikuwa na waliofaulu, kwa hiyo sitadai kwamba usingizi peke yake ulifanya kazi yote. Lakini nimejifunza tofauti kati ya kichwa kinachokariri sita na kichwa kinachothubutu kusema kwamba pembetatu haifungi. Kile cha pili kinahitaji kupumzika, na kupumzika kunahitaji usalama. Tulizihesabu nyumba zilizochomwa na madarasa yaliyobomolewa. Usingizi walionyang'anywa watoto hakuna aliyeuandika popote; ni mwanamke mmoja tu aliyewarudishia nusu saa kila siku. Nami, katika miaka yote hii, sikumwomba msamaha. Nilijiambia kwamba ameshasahau. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naona aibu. Basi na tusikie, walimu wenzangu na wazazi: kazi ya mtu mzima si kuwaamsha watoto. Ni kukaa macho ili wao walale.