Waridi Lililoingia Jikoni

Bi Clorinda Oyarzo alirudi kutoka kanisani Achao, kisiwani kwao, mvua ya Julai ikimchapa ubavuni, akakuta jiko lake la kuni linanguruma na mwanawe Nibaldo amekaa mbele yake, mikono imejaa udongo, anatabasamu kama mtu aliyefanya la maana. Akasema amemsafishia mama bustani. Vitunguu saumu hakuvigusa, kabichi hakuzigusa. Ameng'oa tu vile vijiti vikavu vyenye miiba kando ya uzio, akavitia motoni.

Vile vijiti vilikuwa waridi la marehemu mama yake Bi Clorinda, aliyelipanda mwaka alioolewa. Kila kipupwe lilipukutisha majani yote, likalala, na machipuko yakija likaamka. Na huyu, mtoto wa nyumba hii hii, amekuja kutoka Puerto Montt na akili zake za mjini akashika jembe.

"Lilikuwa limekufa, mama. Halikuwa na hata jani."

"Julai hii nani ana jani, wewe?"

Alifungua mlango wa jiko, akaona majivu. Siku ile hakupika. Nibaldo alipanda feri ya mchana na njaa yake, bila hata kufungiwa kipande cha mkate wa viazi. Na alistahili.

Lakini ghadhabu iliyobaki ndiyo ilikuwa chungu zaidi, kwa sababu mbegu ya waridi lile sasa ilikuwa mahali pamoja tu: kwa jirani yake, Uberlinda Mansilla, na wawili hao hawakuwa wakisemeshana. Uberlinda alikuwa ameiba tawi lake, akalipanda kwake. Visiwani kule wanawake hushikilia kwamba tawi la kuomba huoza, la kuiba hushika, basi kuibiana matawi si kosa mradi usionekane. Uberlinda alionekana. Na Bi Clorinda, kwa ule mdomo wake, alimwita mwizi mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alichukua kisu, akaenda, kila hatua akimlaani Nibaldo. Uberlinda akatoka kibarazani akijifuta mikono.

"Umekuja kuniomba?"

"Siwezi kukuomba. Unajua vizuri siwezi."

"Najua, jirani. Nilitaka tu nikusikie ukisema." Akakitazama kile kisu. "Haya, mimi nina chungu motoni. Nikiingia ndani huwa sitoki upesi."

Akaingia. Bi Clorinda akakata matawi matatu kwa aibu na hasira, asijue ipi imezidi. Akayaficha chini ya shali, akaondoka bila kuaga.

Mawili yalioza. La tatu, Septemba ilipoingia, likatoa jicho jekundu, dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Bi Clorinda aliliinamia mpaka kiuno kikamuuma, akalia, na kulia kwenyewe kukamkasirisha.

Jumapili Nibaldo akapiga simu. Alipoambiwa, akashusha pumzi, akacheka. Si unaona mama, akasema, mambo yamekwisha.

"Hayajakwisha," akasema Bi Clorinda. "Mimi nina miaka sabini na sita, Nibaldo. Siku ukinikuta nimelala kimya, uliza watu kwanza kabla hujashika jembe."