Mistari Niliyoibana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau. Tangu tulipomzika Mama Kokugonza wiki iliyopita, inanirudia hata nikiwa namenya ndizi.

Nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, nikisaidia kupima watoto kliniki, upande wa Nyaishozi. Kadi za uzito zilikuwa zimekwisha, hivyo nilichora grafu kwa rula kwenye karatasi za daftari: miezi chini, kilo pembeni. Karatasi moja ikawa fupi. Kuanzia kilo nane kwenda juu nikaibana mistari ili yote ienee.

Mtoto wa Mukamana, mama aliyefanya kibarua cha kuchuma kahawa, alikuwa ameshuka kutoka kilo kumi hadi tisa. Kwenye mistari yangu mteremko ule haukuzidi punje ya mtama. Nikatabasamu. "Anaendelea vizuri, mama." Akambeba mgongoni, akaenda zake.

Mama Kokugonza, muuguzi wetu, akaiona ile grafu.

"Nani kachora hii?"

"Mimi, mama. Karatasi ilikuwa fupi."

"Karatasi fupi, basi na ugonjwa wa mtoto ukaufupisha? Mkimbilie mama yake. Na umwambie kweli, usije ukamsingizia daktari!"

Nilimkuta kwenye barabara ya Omurushaka. Kusema kweli, nilitamani kumwambia anaitwa tu. Lakini nikasema, "Nimekosea mimi. Mtoto amepungua sana."

Akanitazama. "Mimi namba sizijui, binti. Nilisoma uso wako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Mtoto alilazwa, akapona. Namshukuru Mungu mpaka leo. Kesho yake Mama Kokugonza alinikalisha, akanionyesha namna ya kuchora ngazi ya vipimo vya kilo ndani ya grafu yenyewe, kando ya mstari wa mtoto, nafasi zikiwa sawa toka chini hadi juu. Karatasi isipotosha, unaunga nyingine. Kunisema mbele za watu, hakunisema. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nakuona ukichora grafu kwa kompyuta, mwanangu, ukijiwekea vipimo utakavyo. Viweke, lakini visipunguze anguko la mtu. Ukikosea, mfuate mwenyewe umwambie, maana asiyejua kusoma amekuamini wewe.

Mungu akunyooshee mkono, na akujalie mtu wa kukukemea ungali kijana, kama alivyonijalia mimi.