Ndoo Niliyommwagia Msimamizi

Hakuna kitu kingenishangaza mimi, mtu niliyeacha pombe mwenyewe na kujenga duka la kuta za mawe hapa Kilungu bila shule. Kanisa lilinipa walevi niwashauri, lakini ilikuwa lazima msimamizi wa ushauri kutoka hospitali, ambaye sikumjua, aje anione kazini, la sivyo ningeachishwa.

Asubuhi hiyo mwanamume alipanda kilima akiyumba, macho mekundu. Nikammwagia ndoo ya maji baridi, dawa yangu ya walevi.

“Wewe, umekunywa pombe ya kaluvu ya nani saa hii?”

“Sinywi, mzee. Nimeteguka mguu, na vumbi la njia limeniingia machoni.”

“Wote husema hivyo! Keti!”

Akaketi, akajipangusa uso. “Mimi ndiye msimamizi wako.”

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni pa duka, alicheka mpaka akashika ukuta. Mgeni naye akacheka.

“Moyo unao, mzee. Sasa utasomea ushauri, nikikusimamia.”

Kozi hiyo ilinigharimu shilingi mia sita na arobaini, mimi niliyejivunia kufanikiwa bila shule.