Helikopta ya mazoezi ilianguka kwenye mpunga Ahero, nikampiga shangazi yangu na tope

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine na kupita kimya. Shule niliishia darasa la nane na kuandika kunanichukua muda. Lakini hii niliiona kwa macho yangu na sitaongeza chumvi. Hata sioni pa kuiongezea.

Kazi yangu ni kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga huku Ahero. Kuna jukwaa la miti, refu kupita mtu. Unasimama juu, unapiga kelele, na ndege wakaidi unawarushia tope. Unabandika donge kwenye ncha ya fimbo ndefu, unachapa hewa, donge linaenda. Ukizoea unalenga vizuri sana.

Mbele ya watu mimi naogopa kuongea. Mbele ya ndege sina aibu.

Sasa, kuna helikopta ndogo ya mazoezi huja asubuhi, mwalimu na mwanafunzi. Wanajifunza kutua kama injini imezima angani. Nimewaona mara nyingi kutoka jukwaani. Sauti inafifia, chopper inashuka kama jiwe, halafu karibu na ardhi injini inanguruma na wanapanda tena. Huwa nawapungia mkono.

Siku hiyo sauti ilififia, ikashuka, nikangoja ingurume.

Ilinguruma ikiwa imechelewa.

Wakuu! Upepo ulilaza mpunga wote. Ikapiga maji, ikaruka kidogo, ikakaa. Nikasema asante Mungu, wametua. Kumbe tope la mpunga halibebi chuma. Mguu mmoja ukaanza kuzama, helikopta ikainama upande wa barabara, na yale mapanga ya juu bado yanazunguka. Upande huo yalikuwa yamefika kimo cha mtu.

Na jueni hili: mapanga yakizunguka kwa kasi huyaoni. Unaona hewa tu inatetemeka.

Huku kwetu helikopta ikitua maana yake ni moja. Kampeni. Mheshimiwa ameshuka, na hajaja mikono mitupu. Watu wote wa stage ya matatu pale barabarani wakaja mbio.

"Mheshimiwa amekuja!"

"Ni wa chama gani?"

"Wewe kimbia kwanza, chama utauliza huko!"

Mbele yao wote alikuwa Waya. Ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, na huyu ndiye alinilea tangu mama afariki. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, pale stage. Ni mama wa mwili, lakini siku hiyo alikimbia kama msichana, leso mkononi, vigelegele juu. Nyuma yake Odhis wa bodaboda, anachukua video. Walikuwa wamefuata tuta lile jembamba la katikati ya mashamba, na tuta hilo linapita chini ya yale mapanga.

"Simameni! Rudini!"

Injini ilimeza sauti yangu. Waya akaniona napunga mikono, akadhani nashangilia, akanipungia pia.

Nikabandika tope.

Donge la kwanza lilipita. La pili lilimpata Waya shavuni, katikati ya kigelegele.

Alisimama kabisa. Wote nyuma yake wakagongana, Odhis akaingia majini na simu yake. Waya akamsahau mheshimiwa, akanigeukia mimi.

"Wewe! Mimi ndiye ndege?"

Nikachapa lingine. Na lingine. Wakarudi nyuma wameinama, wananitukana na kunitukania ukoo, na Waya ni wa ukoo huohuo.

Hapo helikopta ikazama zaidi na panga likagonga tuta.

Ule mlio siwezi kuuandika. Helikopta ililala ubavu, na kipande cha panga kikaja kikizunguka hewani, kikajichoma palepale Waya alipokuwa amesimama. Leso yake ilikuwa imedondoka hapo. Kilikuwa kimeipigilia chini.



Kisha mlango wa juu ukafunguka. Mwalimu akatoka, akamvuta mwanafunzi wake, msichana wa rika langu, damu kidogo kwenye nyusi. Tuliingia matopeni, Waya akiwa wa kwanza, tukawabeba mpaka barabarani. Msichana akamshika mwalimu wake mkono.

"Sir, nimefeli?"

Mwalimu alicheka huku machozi yanamtoka. "Tuko hai. Hiyo umepita."

Mzee mmoja bado alikuwa anachungulia ndani ya helikopta. "Sasa mheshimiwa ako wapi?"

Waya alichomoa leso yake, akaangalia lile tundu, akaniangalia mimi. Nilijua nitachapwa.

"Nyathina," akasema polepole, yaani mwanangu, "mwili wote huu, na wewe ukaona shavu tu?"

Jumapili kanisani niliitwa mbele nishuhudie. Nikaona macho ya watu, maneno yakaisha. Nikasimama tu hapo. Waya akapaza sauti kutoka viti vya akina mama:

"Mpeni fimbo yake aongee!"

Kanisa lote likacheka. Ndiyo maana ushuhuda nimeuleta huku.

Nilichojifunza ni hiki. Helikopta ikitua usiikimbilie, hata kama kweli ni mheshimiwa. Ngoja mapanga yasimame kabisa. Na mtu akikurushia tope, angalia kwanza mbele yako ndipo umtukane.

Kama kuna rubani humu, atueleze kwa nini injini huchelewa kuamka. Wengine, helikopta ikitua kwenu mnafanyaje?

Na wewe msichana, kama unasoma hapa: mpunga uliinuka tena. Rudi ujaribu. Nitakuwa jukwaani, nitakupungia.