Kompyuta ya Ukoo

Swali lilikuwa moja tangu siku ya kwanza: itadumu? Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa ukoo, aliliuliza katika duka moja la Ngarenaro, mjini Arusha, akiinua kifuniko cha kompyuta mpakato kama mnunuzi anayekagua meno ya mbuzi mnadani. Mashangazi waliliuliza ibadani, siku mashine ilipowekwa mbele ya madhabahu kuombewa. Sikumsikia hata mmoja akiuliza kama binti yangu angedumu.

Alikuwa amepata nafasi chuo kikuu kusomea masuala ya maji, shahada ya miaka minne, safari ya siku nzima kwa basi kutoka Arusha. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mjane. Mashine ile sikuimudu. Ukoo uliinunua, na ukoo haukosi utaratibu. Kule kwao, kwenye mteremko wa Meru, ndugu asiye na mfugo hupewa mtamba: amtunze, anywe maziwa, na wakati ukitimia ng'ombe au ndama wake ahamie zizi jingine lenye uhitaji. Ni desturi njema, nami nimewahi kuisifu mbele ya wanafunzi wangu. Basi ikaamuliwa kwamba kompyuta nayo ingekaa kwa binti yangu miaka minne, kisha ingehamia kwa mtoto mwingine wa ukoo atakayekwenda chuo.

Hawakuliona jambo moja. Mtamba akishatolewa hakamuliwi na kila apitaye njiani.

Kila likizo binti yangu alipopanda nyumbani mlimani, mashine ilitangulia kusalimiwa. Kulikuwa na msiba, iandike ratiba ya mazishi. Kulikuwa na kipaimara, ioneshe picha. Kwaya ilitaka kunakili nyimbo. Ilitoka nyumba hii ikaenda ile, na yeye, mwenye mitihani, alingoja barazani irudi. Alipothubutu kusema ana kazi ya chuo, waliitikia kwa ucheshi ule unaouma kuliko tusi: eti msomi ameanza kuwa mchoyo kabla hajavaa joho.

Kabla ya mwaka wa nne aliutumia msimu wote wa kiangazi kupima maji ya mifereji inayoshuka kwenye migomba. Ulikuwa ndio utafiti wake wa mwisho, nao ulihitaji maji ya kiangazi, yanapopungua na majirani wanapoanza kutazamana kwa jicho baya. Alidamka alfajiri, akashuka bondeni na viatu vya mpira, akarudi na kuingiza vipimo vyake moja kwa moja katika kompyuta. Nilimwona akikonda, nami nilimwona akifurahi. Nakala aliiweka kwenye flashi, na flashi akaitia katika mfuko wa mashine.

Mvua za vuli zilipokaribia, binamu yake mmoja alioa. Shemeji akaja kuichukua kompyuta kwa ajili ya muziki na video ya harusi. Binti yangu alimwamkia, kisha akaomba kwa adabu aachiwe jioni ile tu ahamishe kazi zake.

"Kwani tunakwenda kuila?" akauliza shemeji. Waliokuwepo wakacheka. Akaibeba, pamoja na mfuko wake.

Ilirudi baada ya harusi, imefutwa vumbi vizuri. Aliyeileta ni mdogo wake bwana harusi, kijana mwenye moyo mwema, ndiye aliyesimamia muziki. Alijivuna kidogo.

"Dada, ilikuwa nzito hii, imejaa madude. Nimeipiga fomati, saa hizi inapepea."

Na flashi je? Ilikuwa imejaa nyimbo za harusi.

Binti yangu hakulia mbele yake. Alimshukuru, maana ndivyo nilivyomlea, na siku ile nilijiuliza adabu niliyompa ilikuwa ngao au kamba ya shingoni. Fundi wa mjini alijaribu kuvifufua vipimo vile akashindwa. Mvua ikaanza. Mifereji ikajaa maji ya tope, na maji ya kiangazi hayapimwi wakati wa mvua. Chuo kilimwambia angoje kiangazi kingine. Wenzake wangehitimu, yeye angebaki mwaka mmoja zaidi.

Mlimani habari ilipokelewa kwa masikitiko ya kweli, na kwa tafsiri ya uongo. Tulimpa kila kitu, walisema. Hata laptopu mpya. Labda mji umemvuruga akili. Nilipoeleza kilichotokea, walinisikiliza kama anavyosikilizwa mama anayemtetea mwanawe.

Mwaka wa nne ulipotimia, shemeji aliitisha kikao. Nilisimama nikaomba binti yangu aachiwe mashine mwaka ule mmoja uliobaki. Alinijibu bila ukali, kama mtu anayesoma sheria asiyoitunga yeye.

"Shemeji, makubaliano yalikuwa miaka minne. Tukimwongezea huyu, yule anayeingia chuo sasa atasomea nini?"

Kisha akaifungua mbele ya wote. Iliwaka. Mashangazi walipiga vigelegele, naye akaipitisha ionekane kwamba haina hata mkwaruzo. Mmeona, alisema, kitu cha ukoo hudumu. Ni kweli, ilidumu. Katika vyote tulivyoviweka mikononi mwa ukoo, ni mashine tu iliyorudi nzima.

Aliyekabidhiwa ni msichana wa nyumba ya pili, mwembamba, mwenye haya, asiye na kosa lolote. Tulipokuwa tukitawanyika alimfuata binti yangu mpaka kwenye ua wa mimea ya masale. Nilikuwa karibu, nikamsikia akiliuliza swali lilelile kwa sauti ya chini.

"Dada, shikamoo. Eti itanifikisha mpaka mwisho?"

"Marahaba," akajibu binti yangu. Alimrekebishia mkanda wa mfuko begani, ule mkanda alioushona mwenyewe ulipokatika. "Yenyewe itafika. Kazi zako usiziweke humo."

Kesho yake alishuka mferejini na viatu vyake vya mpira, kuanza kupima upya. Niliwaona mashangazi wakimpungia mkono kutoka shambani, wakimtakia kazi njema.