Sahani Iliyorudi Tupu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nahisi harufu ya iliki puani. Ilikuwa Jumatatu, zamu yangu ya kahawa. Niliamka mapema nikaoka mkate wa kumimina, nikapanga haluwa na tende mezani, nikafukiza udi kidogo tu, maana mmoja wa wageni wangu ana pumu. Nikaufungua mlango wa mbele nikauacha wazi kama tufanyavyo siku zote, nikakaa kusubiri. Nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri, na hakuna aliyeingia.

Nakuhadithia haya kwa sababu Ijumaa iliyopita ulikuja hapa, ukakaa kwenye kochi la marehemu baba yako mkubwa, ukaniambia unataka kugombea baraza la manispaa, na kwamba mama yako, mdogo wangu, hataki hata kulisikia jambo hilo. Ukaniuliza mimi nasemaje. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa na haraka, watoto wanakungoja Ghubra, na jibu langu ni refu. Basi sikiliza sasa, na uniwie radhi nikizunguka kidogo. Mtu anayekaa peke yake akipata msikilizaji huwa hajui kufupisha.

Wewe mama yako alikuwa mtu wa ofisini, kwa hiyo zamu za kahawa huzijui vizuri. Hapa mtaani kwetu Bawshar, Maskati, sisi wanawake wa nyumbani hukutana asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenye zamu anapika kahawa na kuweka kitu mezani, wenziwe wanakuja, wengine kwa gari hata kama nyumba zinatazamana. Hapo ndipo tunapojua nani anaumwa, nani kaposwa, nani kajifungua. Na sahani ikitoka nyumba moja kwenda nyingine na chakula, hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unatia ndimu, unatia tende, unatia hata mrehani wa bustanini. Mimi niliingia katika zamu hizo nikiwa bi harusi, Kiarabu changu cha kubabaisha, na wanawake hao ndio walionifundisha kukisema. Mume wangu alipofariki, eda yangu yote hawakuniacha mchana hata mmoja. Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za watu wabaya.

Baada ya eda nikabaki na gari uani na hakuna wa kuliendesha. Nikaanza kutembea. Ilikuwa kituko mtaani, bibi mzima na mfuko wa mboga mkononi, na watu walisimamisha magari kunipakia wakidhani yamenifika makubwa. Lakini kwa kutembea ndiyo nikauona mtaa niliokaa nusu ya umri wangu. Nikaona kwamba kati ya nyumba zetu na maduka kuna barabara pana isiyo na pahala pa kuvukia. Nikaona kituo cha basi, nguzo tupu juani, bila kiti wala kivuli. Na Ijumaa asubuhi nikawaona wasichana wa Kiganda wanaofanya kazi katika nyumba zetu, wale waliopewa siku ya kupumzika, wamesimama pale wakielekea kanisani, maana huku ibada yao ni Ijumaa, mikoba wameiweka vichwani kujikinga na jua.

Walikuwa wakishikana mikono, wakiangalia magari, halafu wakikimbia. Siku moja nilisimama ubavuni mwao, nikawa naogopa kuvuka, na mmoja wao akanishika mkono bila kuniuliza, tukakimbia sote. Mimi na baibui langu na magoti yangu haya. Tulipofika ng'ambo alicheka, nami nikacheka, na hapo nikamtambua. Alikuwa Harriet, anayefanya kazi nyumba ya mbele, kwa Bi Thuwaiba.

Kabla sijaendelea, lazima nikueleze kwa nini mama yako anaogopa, maana umemsema vibaya siku ile na sikupenda. Tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi tulikuwa wasichana, tukaishi Maskati nyumba moja na bibi yetu. Siku moja harusini kwa jirani, mimi na ulimi wangu wa ujana nikasema mbele ya wageni kwamba watu wa mtaa ule wangekwenda kwa wakubwa wakadai skuli ya wasichana iwe karibu, badala ya kukaa kulalamika. Bibi alinifinya paja chini ya shela mpaka machozi yakanilenga. Tuliporudi nyumbani aliniketisha mbele yake, na mama yako, bado mtoto, yupo ubavuni anasikiliza.

"Maneno yametutoa kwetu mara moja, Zuwena," akasema. "Mimi sina tena nguvu za kuhama."

Hakunipigia kelele. Alikuwa anafuta vikombe vyake vya kahawa, vile alivyovifunga kwenye kanga akaja navyo, kitu pekee alichokitoa katika nyumba aliyoiacha. Vikombe hivyo ninavyo mimi. Woga wa mama yako ulianzia chumba kile, na si woga wa kijinga, kwa hiyo usimcheke.

Sasa ukaja uchaguzi wa baraza la manispaa. Kwetu mambo hayo huanzia kwenye sabla, ule ukumbi wa ukoo, wanaume wakakaa wakakubaliana mtu wao. Alikuwa mtu mwema, wa kwanza msibani, wa mwisho kuondoka. Lakini alijitokeza pia mwalimu mmoja, mwanamke kijana, asiye na sabla nyuma yake. Alipita mtaa wetu kwa miguu akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Nilimpa maji. Nilimweleza habari ya barabara na ya kituo cha basi, akanambia twende akaone, tukaenda, akasimama pale juani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaahidi kwamba akipata, atapigania kivuko, viti na kivuli. Si zaidi ya hayo.

Wiki ile kahawa ilikuwa kwa Bi Thuwaiba. Unamjua, yule mrefu, mwenye sauti nzuri ya kusoma maulidi, rafiki yangu kupita wote. Mazungumzo yakaja kwenye uchaguzi, kila mmoja akataja jina lililotoka kwenye sabla kama anayetaja hali ya hewa. Mimi nikasema nitampa mwalimu, na nikasema kwa nini. Thuwaiba akaweka kikombe chini.

"Hivyo viti atakaa nani, Zuwena? Utakaa wewe? Watakuja kukaa wafanyakazi, kutwa nzima, chini ya madirisha yetu."

"Watakaa wanaotembea," nikamwambia. "Na mimi natembea."

Hakuna aliyegombana nami, mwanangu, ningependa ujue hivyo. Mmoja akasogeza sahani ya tende, mwingine akauliza bei ya kondoo. Niliporudi nyumbani niliona nimesema vizuri, bila kumvunjia mtu heshima, na nilifurahi. Nilijiambia kwamba nyakati za bibi zimepita na kwamba mtu wa leo anaweza kusema analoliona akabaki na watu wake.

Ndipo ikaja ile Jumatatu. Karibu na saa nne nilichukua simu nikatazama kundi letu la kahawa. Hawakuniondoa. Kulikuwa na ujumbe mfupi tu, kwamba leo kahawa ni kwa Bi Thuwaiba, na chini yake vijipicha vya maua na mikono ya kuitikia. Kutoka pale kitini nikasikia milango ya magari ikifungwa ng'ambo na viatu vyao kwenye vigae. Nilizijua sauti zao moja moja. Nikaona aibu kuufunga mlango, kwani wangejua kwamba nimejua, na nikaona aibu kuuacha wazi.

Adhuhuri ikaja hodi. Nikainuka haraka. Alikuwa Harriet, na mkononi ana sahani yangu ya maua ya buluu, ile niliyompelekea Thuwaiba vitumbua wiki iliyotangulia. Nikaipokea. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, inang'aa, na ndani yake hamna kitu. Katika miaka yote ile sahani yangu ilikuwa haijawahi kurudi hivyo. Harriet akatazama meza, akaona mkate haujakatwa na vikombe ni vikavu.

"Mama, wageni wako wameshaenda?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha bara.

"Washakwenda," nikamjibu.

Nikamwambia akae anywe kahawa. Akasema hawezi, madam alimwambia aweke sahani tu arudi yalla yalla, kazi ni nyingi na wageni wapo. Lakini akapokea kikombe kimoja, akakinywa wima pale mlangoni, macho yake nyumba ya mbele. Nilitaka kumwambia kwamba haya yote yametokana na nguzo ile ya basi. Sikumwambia. Yeye hana kura hapa, hajui kama kuna uchaguzi, na hakuniomba nimsemee. Akarudisha kikombe, akasema asante mama, akaenda zake.

Kupiga kura siku hizi ni kwa simu, kama ujuavyo. Zamani tulipanga foleni skuli, tukaonana, tukasalimiana hata na tusiopendana. Safari hii nilikaa kwenye meza ya kulia chakula, nikaweka kitambulisho changu nyuma ya simu kisomwe, kama mwanangu wa kumzaa, aliyeko Sohar, alivyonielekeza, nikabonyeza jina la mwalimu. Simu ikaniambia shukrani. Nikakaa pale nikitazama ukuta, maana sikuwa na wa kumwambia. Mwalimu hakupata. Yule wa kwenye sabla alipata, na juzi nimemwona msibani amebeba viti, mtu mwema vile vile. Kivuko bado hakijaja.

Thuwaiba alinifuata mara moja, nisimnyime haki yake. Ilikuwa msibani, akaja akakaa ubavuni mwangu, akanishika mkono chini ya baibui.

"Shoga, mimi nimechoka," akaninong'oneza. "Sema tu siku ile ulikuwa hujisikii vizuri. Neno moja, yaishe."

Mwanangu, sijui nikueleze vipi jinsi nilivyolitaka neno lile. Nilikuwa nimekaa miezi sijazungumza na mtu uso kwa uso ila muuza duka. Nilikuwa nimeanza kuiacha televisheni wazi ili nisikie watu. Mkono wake ulikuwa na joto, na alikuwa anaomba kitu kidogo ambacho kingepita pale pale bila mtu kukisikia. Nikamfikiria bibi na vikombe vyake. Angeniambia nikubali, na asingekosea kwa yaliyompata yeye.

"Nilikuwa nnajisikia vizuri," nikamwambia.

Hakuutoa mkono wake upesi. Aliuacha kidogo, kisha akauondoa akasimama, akaenda kukaa na wenziwe. Nililia nilipofika nyumbani, na si kidogo.

Lakini ile sahani, mwanangu, sikuikubali. Kila Jumatatu ya zamu yangu napika kahawa, nafungua mlango, na ikifika adhuhuri natia vitumbua katika sahani ya maua ya buluu nampelekea Thuwaiba. Siingii, namkabidhi Harriet mlangoni. Jioni inarudi, imeoshwa, tupu. Wiki inayofuata naipeleka tena. Mama yako anasema najidhalilisha. Labda. Mimi najua tu kwamba kama sahani ikikaa kwangu, mambo yatakuwa yamekwisha, na sitaki yaishe.

Mwezi uliopita ilirudi na ndimu. Ndimu za mti wa Thuwaiba, nazijua kwa ngozi yake nyembamba, bado zina majani. Nilizishika nikazinusa nikakaa nazo mapajani kama mwehu. Halafu nikawaza. Mti ule uko kando ya geti, na Harriet hupita hapo akija kwangu. Sijui kama Thuwaiba ndiye aliyezitia, au yule msichana amezichuma mwenyewe njiani kwa kunionea huruma. Sikumuuliza, na sitamuuliza.

Sasa jibu lako. Gombea. Kama umeiona barabara kwa macho yako, ukaona wanaokimbia kuivuka, basi huwezi tena kujifanya hujaiona, na ukijaribu utakuwa mtu wa hovyo kwa watoto wako. Lakini usiamini watakaokuambia kwamba ukisema kweli kwa adabu hakuna atakayekuacha. Watakuacha, tena wale unaowapenda, na hawatakuwa wabaya kwa kufanya hivyo. Jiwekee akiba ya mtu mmoja atakayekuja kwako siku mlango ukiwa wazi na hakuna aliyeingia. Usiwachukie wenzio, kwani barabara unayoitaka ni yao pia. Msikilize mama yako mpaka amalize, halafu umbusu mkono, halafu uende. Na ukipata cheo, au ukikikosa, ukiona mahali mtu amerudishiwa sahani tupu, nenda kwake wewe, hata kama alilolisema hulipendi.

Mungu akutie nguvu ya kusema na subira ya kukaa na uliyoyasema, akupe majirani wa kukugombeza usoni, na asikuonyeshe meza iliyoandaliwa ikakosa watu. Zamu yangu ni Jumatatu hii. Mlango utakuwa wazi kuanzia saa nne, na vikombe vya bibi nitakuwa nimeshavifuta. Njoo kwa miguu, uivuke ile barabara, na sahani usije nayo tupu.