Viti vya Harusi

Mume wangu alikuwa mpiga video wa harusi, na mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwamuru kila mtu, hata wazee wasio na meno. Kazi zake hazikuwa na maajabu: bibi harusi anashuka garini, keki inakatwa, mashangazi wanacheza, basi. Watu walimpenda kwa sababu kwenye kanda zake kila aliyehudhuria alijiona.

Kisha maktaba ikamwita awaendeshee projekta kwenye wiki ya sinema, akakutana na filamu ambazo mimi sijui niziite nini. Moja ilimhusu babu mmoja, dobi, ambaye hakuwahi kusomea uchoraji lakini alichora kuta zote za nyumba yake kwa masizi ya jiko. Filamu nzima humwoni babu uso. Unaona vidole vyeusi na ukuta, hakuna muziki wala msimulizi. Mume wangu alirudi nyumbani akakaa mezani anatazama ukuta, chakula kikapoa. Nikadhani amepata mwanamke.

"Mke wangu," akaniambia, "miaka yote hii nimekuwa napiga picha za meno."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaanza kurekodi mikono yangu nikichambua mchele, akarekodi maji yakichuruzika kwenye sinki, akarekodi paka amelala. Nikamwacha, kila ndege huruka na ubawa wake. Tena niseme kweli, ile ya mikono yangu niliipenda.

Balaa ni kwamba harusi iliyofuata ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake. Wifi yangu hakutaka kusikia habari za mpiga picha mwingine. "Kaka yangu yupo, nitafute mtu baki wa nini?" Simu za siku hizo zilikuwa za kupigia tu, kwa hiyo kamera ilikuwa hiyohiyo moja. Na aliyeisubiri kanda kuliko wote ni mama mkwe wangu. Alikuwa kitandani tangu kiharusi kimshike, ukumbini hakuweza kufika, na bibi harusi ndiye mjukuu aliyemlea kwa mikono yake. Maharusi walisafiri moja kwa moja kutoka ukumbini, kwenda kuanza maisha nchi ya mbali.

"Mimi nitamwona kwenye kanda," mama alituambia. "Mjomba wake atanionyesha."

Jumapili tukajaa chumbani kwake. Televisheni ikawekwa juu ya kabati miguuni pa kitanda, mama akafungwa kilemba kipya, akaegemezwa kwenye mito. Mume wangu akabonyeza.

Vikatokea viti. Viti vya ukumbini, vitupu, safu kwa safu, kwa muda mrefu. Kisha mkono unafunga vifungo vya gauni mgongoni. Kisha viatu, pindo la gauni likifagia sakafu, kijiko kimeanguka chini ya meza. Vigelegele vilisikika, lakini kamera ilikuwa inatazama pazia, kisha mkono ulioshika maua.

"Bibi harusi anaingia saa ngapi?" mama akauliza.

"Ndiye huyo, Mama. Huo ni mkono wake."

"Ahaa." Akasogeza kichwa kwenye mto, kama vile akikaa vizuri ataona zaidi.

Wifi yangu akanikazia macho mimi, utadhani ndimi niliyeshika kamera. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama aliuliza tena, na tena kwa sauti ndogo zaidi, halafu akaacha kuuliza. Kanda ikaishia kwenye viti vilevile, sasa vimepinduliwa juu ya meza.

"Kaka," wifi akasema, "uso wa mwanangu uko wapi?"

Mume wangu alikuwa ameinamia nyaya, anachomoa hata zisizohitaji kuchomolewa. "Nilidhani..." akasema, akakunja tena waya uliokwisha kukunjwa. Siku ile nilimwonea haya na nikamwonea huruma, na sikujua nianze na lipi.

Mama akamwita kwa ule mkono wake mmoja mzima. Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye mvi, na hakuweza kuinua uso. Mama akampapasa kichwa.

"Viti vilikuwa vizuri, baba," akamwambia. "Vimepangwa vizuri sana."